Punda Afe Mzigo Ufike? Garissa, Punda Akidedi Hata Mzigo Haufiki

Wasee, leo tunaongea kuhusu farasi. Najua unajiuliza Garissa na farasi ni wapi na wapi. Tulia kwanza, utaona venye tunafika.

Kuna zile vidio hukam TikTok usiku ukiwa umelala na simu iko juu ya uso. Farasi anakimbia, mbele yake kuna milingoti imepangwa kama ua wa boma, na juu yake kuna mtu amevaa kofia ngumu na buti hadi magotini. Farasi anaruka, anatua upande ule mwingine kama hakuna kitu imefanyika. Mimi nilizama kwa hizo vidio nikiwa Garissa, nimeacha chuo, nimekuja kukaa kwa abti, yaani mjomba, nikipanga maisha upya. Siku moja niko kwa laini ya maji, mbele yangu kuna mikokoteni kama kumi, kila moja na punda wake. Macho kwa simu, farasi. Nikiinua kichwa, punda. Farasi, punda, farasi, punda.

Nikaanza kujiuliza: hawa si ni watu wa familia moja? Mbona huyu mmoja anachanwa nywele, na huyu mwingine anachapwa na kipande cha mpira?

Nilichopata baada ya kufuatilia ni hiki: wale watu wa farasi wako na siri moja, na hiyo siri ingeokoa bizna nyingi sana huku North Eastern.

Huu mchezo wa kuruka huenda aje?

Sheria si ngumu. Uwanjani kunawekwa vizuizi kama kumi na kitu, na kila kizuizi kiko na namba. Unaviruka kwa mpangilio. Ule mlingoti wa juu haujafungwa, umewekwa tu kwa kikombe kidogo, kwa hivyo farasi akiugusa vibaya unaanguka. Mlingoti ukianguka unapigwa pointi 4 mbaya. Farasi akifika kwa kizuizi akakataa kuruka, pointi 4 zingine. Kwa sheria za kimataifa, akikataa mara ya pili, umetolewa, enda nyumbani. Ukianguka wewe mwenyewe, pia umetolewa. Anayeshinda ni yule ako na makosa machache, na mkitoshana, saa ndiyo huamua.

Wanaoanza huruka vitu vya sentimita 60 ama 80, meza ya kawaida tu. Kwa Olimpiki inafika kama mita 1.60. Rekodi ya dunia ni mita 2.47, iliwekwa mwaka wa 1949 huko Chile na farasi anaitwa Huaso, akiendeshwa na Kapteni Alberto Larraguibel. Hiyo ni juu kuliko mlango wa nyumba yenu. Na hadi leo hakuna aliyeivunja.

Kenya pia huu mchezo uko, hasa Nairobi, pande za Karen na Jamhuri. Wengi wao si wa kulipwa. Ni wanafunzi, ni watu wa ofisi, wanapenda tu.

Sasa hapa ndipo siri iko. Kule uwanjani mtu anakaa kama dakika moja na nusu. Zile saa zingine zote ni kazi ya zizi. Anaamka mapema, anatoa kinyesi, anabadilisha maji, anakagua miguu, anachokoa mawe kwa kwato, anapitisha mkono mgongoni kuona kama kuna mahali panauma, anapiga brashi, ndio baadaye anaweka tandiko. Farasi akiwa na kidonda cha ukubwa wa kidole pale tandiko linapokaa, siku hiyo hapandwi. Hakuna kubembeleza.

Kwa nini? Ju huwezi kulazimisha mnyama wa kilo 500 aruke kitu hataki. Anaruka ju anakuamini. Na imani inajengwa kwa zizi.

Farasi wa dola 80

Kama unadhani hiyo ni ya farasi wa matajiri pekee, cheki hii stori ya kweli.

Mwaka wa 1956 huko Pennsylvania, Marekani, mwalimu mmoja wa kuendesha farasi anaitwa Harry deLeyer alienda mnada akafika kama umeisha. Wazuri wote walikuwa wameuzwa. Wale walibaki walikuwa wamepakiwa kwa lori wakipelekwa kuchinjwa. Ndani ya hilo lori akaona farasi mmoja wa kijivu, mchafu, mnyama wa kuvuta jembe shambani. Akamnunua kwa dola 80. Watoto wake wakamuita Snowman.

DeLeyer hakujua amenunua nini. Akamuuzia jirani kwa bei mara mbili. Shida ni kwamba huyu farasi alikuwa anaruka ua wa jirani na kurudi kwa deLeyer. Anarudishwa, anaruka tena anakam. Jamaa akashika rada: huyu mnyama anajua kuruka, na ameamua nyumbani ni wapi. Akamnunua tena, akamfunza. Mwaka wa 1958, miaka miwili tu baada ya lile lori, Snowman akawa bingwa wa kuruka wa Marekani pale Madison Square Garden, New York.

Mnyama wa kazi. Wa kuvuta mizigo. Alikuwa anaenda kuwa nyama.

Weka hiyo stori kando kidogo, tutairudia.

Sasa mbona Garissa hatuna farasi?

Si ati Wasomali hawapendi farasi. Farasi kwa Kisomali ni faras, na kwa mashairi ya zamani anasifiwa vibaya sana. Sayid Mohamed Abdulle Hassan, yule aliyepigana na Waingereza kwa miaka 20 hivi hadi alipofariki mwaka wa 1920, alikuwa na farasi anaitwa Hiin Finiin, na jina la huyo farasi bado linajulikana miaka mia baadaye. Jiulize ni gari gani la mheshimiwa wa leo litakumbukwa hivyo.

Lakini farasi ni mnyama wa gharama. Anataka nyasi nyingi na maji mengi, vitu ambavyo huku kwetu hupotea kiangazi kikikaza. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaletwa na virusi na kusambazwa na usubi, wale wadudu wadogo hata huwasikii. Punda milia hubeba hivyo virusi bila kuugua, lakini farasi akivipata bila chanjo mara nyingi anadedi. Punda wetu wa kawaida naye husimama imara kuliko farasi.

Ngamia je? Ngamia ni mali, ni maziwa, ni mahari, na familia ikihama ndiye hubeba nyumba. Lakini ndani ya tao, kupeleka maji kwa bulla, kubeba simiti, kutoa unga sokoni, hiyo ni kazi ya dameer. Punda.

Punda ni mtoto wa nyumbani

Hii watu wengi hawajui. Farasi alitoka mbali, huko nyanda za Asia na Ulaya mashariki. Punda ni wa hapa. Mwaka wa 2022 wanasayansi walichapisha utafiti wa jeni za punda wa dunia nzima kwa jarida la Science, wakapata kwamba punda wote walitokana na kufugwa mara moja tu, Afrika Mashariki, kama miaka 7,000 iliyopita. Yule unaona akivuta gari Ulaya, Uchina ama Mexico, ukoo wake uko pande hizi.

Na bado kuna punda mwitu wa Kisomali, wachache sana wamebaki, pande za Somalia, Ethiopia na Eritrea. Ako na mistari miguuni kama punda milia. Siku nyingine ukiwa Garissa tazama miguu ya punda wa mkokoteni. Wengine wako na hiyo mistari, imefifia tu.

Hata majina ya mitaa yanajua. Garissa kuna Bulla Punda. Ukivuka daraja la Tana kuelekea Madogo kuna Kona Punda, pale barabara ya Nairobi ilikatwa na mafuriko mwaka wa 2023 na tena 2024, watu wakawa wanavuka na boti. Enda kambi za Dadaab uone nani hubeba unga na kuni kutoka mahali pa mgao hadi nyumbani. Mkokoteni wa punda.

Tumempatia punda majina ya mitaa. Heshima ndio bado.

Siku niliyofunzwa adabu

Abti alikuwa na mkokoteni mmoja wa maji, na kuna mzee alikuwa anauendesha. Mzee akaugua siku mbili, nikaambiwa nisaidie. Nikaona hii ni rahisi, mimi si nimesoma?

Siku ya kwanza, fiti. Siku ya pili, jua limewaka kama kawaida ya Garissa, zaidi ya digrii 35, mkokoteni umejaa mitungi, punda akasimama katikati ya barabara. Nikamvuta, hataki. Nikamchapa. Hataki. Pikipiki zinapiga honi nyuma, watoto wanacheka, mimi nikamchapa tena kwa hasira. Punda amesimama tu, masikio yamelala nyuma, hata halii.

Mzee alikuwa amekaa kivulini si mbali na hapo. Akakuja pole pole na homa yake. Hakunigombeza. Alifungua mkanda wa kifua, akanionyesha. Chini yake ngozi ilikuwa imetoka, kidonda kibichi, kamba ya nailoni ilikuwa inasugua hapo kila hatua tangu asubuhi. Mimi ndiye nilikuwa nimeifunga. Mzee alifunga kila siku na kipande cha blanketi ndani. Hicho kipande nilikuwa nimekiona nikadhani ni uchafu, nikakitupa.

Akaniambia kitu kifupi: punda haongei, lakini akisimama ameongea.

Manze, niliona aibu. Tulishusha maji nusu, tukaenda pole pole, na yule punda alikaa siku nane bila kazi hadi kidonda kikauke. Siku nane bila doo. Ju ya kipande cha blanketi.

Mambo sita mwenye punda anafaa kujua

Tangu hiyo siku nimesoma na kuuliza maswali kama mpelelezi. Haya ndio nimeyabeba.

Moja, punda si mkaidi. Farasi akiogopa anatimua mbio. Punda akiogopa ama akiumia, kawaida yake ni kuganda. Anasimama afikirie. Tunamuita mjinga, kumbe anapiga hesabu. Ukimchapa hapo unamfunza tu kwamba wewe pia ni hatari.

Mbili, punda huficha maumivu. Farasi akiumwa na tumbo anajitupa chini. Punda ananyamaza na kupunguza kula. Ukiona punda amenyamaza kuliko kawaida na hajagusa chakula, ita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Tatu, mkanda uwe mpana na laini. Kamba ya nailoni na waya ni adui. Gunia la zamani, blanketi, kitambaa cha pamba, chochote cha kutenganisha kamba na ngozi. Na mzigo kwa mkokoteni uwe umekaa katikati. Ukilalia mbele, shingo na mgongo vinabeba. Ukilalia nyuma, mkokoteni unamuinua.

Nne, yule anayebeba maji pia anakunywa maji. Mitungi kumi ya lita 20 ni kilo 200 za maji, na bado hujahesabu mkokoteni wenyewe. Ni kitu cha kushangaza kuona punda amevuta lita 200 na hajapewa hata ndoo moja. Mpe kabla ya kazi, katikati, na jioni, na apate kivuli saa zile jua liko utosini.

Tano, kwato hukua kama kucha zako. Zinafaa kukatwa na mtu anayejua, kila wiki sita hadi kumi. Zikiachwa zinapinda, na punda wa kwato zilizopinda ni kama gari la magurudumu ya yai. Na karatasi za plastiki usimwache azile kwa takataka. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017, lakini plastiki zingine bado ziko kila mahali. Zikijaa tumboni hazitoki, na hapo ni kwaheri.

Sita, punda hupenda beste. Wawili wakizoeana wanakaa pamoja miaka. Ukimtenga mmoja ghafla, yule anayebaki anaweza kukataa kula. Hapa hakuna utani.

Biashara ya ngozi

Sasa turudi kwa lile lori la Snowman, ju hapa Kenya tumekuwa na malori yetu.

Uchina kuna dawa ya kienyeji inaitwa ejiao, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Soko lilipokua, punda wa kwao wakapungua sana, wanunuzi wakaangalia Afrika. Kuanzia 2016 Kenya ikawa na vichinjio vikubwa vya punda: Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa.

Shida ni kwamba punda si kuku. Punda jike hubeba mimba kama mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja tu. Ukichinja kwa kasi ya kiwanda, hakuna uzazi utaweza kufidia. Wizi ukazidi. Mtu analala na punda, anaamka na kamba. Sehemu zingine wenyewe walikuwa wanapata mabaki tu kichakani asubuhi, ngozi imeenda.

Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji wa punda kibiashara. Mei 2021 Mahakama Kuu ikafuta hiyo marufuku. Halafu Februari 2024, kwa kikao cha Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, viongozi wa Afrika wakakubaliana kuzima biashara ya ngozi ya punda bara nzima kwa miaka 15. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini makubaliano ya Addis hayafungi kamba ya punda wako usiku. Zizi lenye kufuli na jirani wa kuaminika bado ni muhimu.

Piga hesabu, buda

Tufanye mfano tu, usiuchukulie kama bei ya soko. Tuseme mtungi mmoja wa maji unauzwa mbao, yaani 20. Mkokoteni unabeba 10, hiyo ni 200. Ukienda mara sita kwa siku, 1,200. Fanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni 30,000 kabla ya gharama. Toa maji, nyasi, daktari, matengenezo ya gurudumu. Bado kuna kitu kimebaki cha kulipa karo na kuweka chakula mezani.

Sasa muuze huyo punda kwa mtu wa ngozi. Unapata doo mara moja. Mwezi wa pili imeisha, na huna mkokoteni wa kukupatia zingine. Ama mwendeshe kwa ile falsafa ya punda afe mzigo ufike. Punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Akichoshwa na vidonda, anamalizika mapema sana, wakati angekuwa ndio ameiva kwa kazi.

Huo msemo wa punda afe mzigo ufike nadhani ulitungwa na mtu ambaye punda hakuwa wake. Mwenye punda anajua: punda akidedi njiani, mzigo unabaki pale pale kwa barabara, na wewe uko kando yake umeshika kiuno.

Lamu wameshaona mbele

Kuna mahali hapa Kenya watu wameelewa hii kitu kitambo, na si mbali. Lamu imepakana na kaunti ya Garissa. Kule mji wa kale vichochoro ni vyembamba, gari haliingii, kwa hivyo punda ndio matatu na lori. Wakati wa Maulidi kunakuwa na mbio za punda pale ufukweni, vijana wamepanda bila tandiko, mji wote umetoka kushangilia. Ukishinda, wewe ni staa wa mtaa.

Hao ndio waendesha farasi wetu, kama unaniuliza. Hakuna mshahara, hakuna buti za bei. Ni kijana na mnyama wake.

Na kuna kitu nilipenda zaidi ya zile mbio. Mwaka wa 1987 shirika la Donkey Sanctuary lilifungua kituo Lamu cha kutibu punda bure, na kwa miaka mingi kumekuwa na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Hakuna kukimbia. Punda anasimama, wanamkagua mgongo, kwato, meno, macho. Asiye na kidonda na mwenye afya, mwenyewe anaenda nyumbani na zawadi.

Hebu fikiria hiyo kitu Garissa. Jumamosi moja, uwanjani, mikokoteni yote ya Bulla Iftin, Bulla Sheikh na Bulla Punda imekuja. Kaunti ilete daktari wa mifugo na chanjo. Wafanyabiashara wa soko watoe magunia ya nyasi na mikanda mipana kama zawadi. Ile mizee ya mikokoteni, ambayo hakuna mtu huwa anaisalimia, ipigiwe makofi kwa mara ya kwanza.

Yule mzee wetu angechukua namba moja, hiyo sina wasiwasi. Alipona ile homa. Asubuhi aliyorudi kazini nilimpata akizunguka punda pole pole, anapitisha mkono kutoka shingo hadi mkiani, anainua mguu mmoja mmoja, anachokoa mawe kwa kijiti. Hajawahi kuona zile vidio za TikTok, na hajui Karen kuna nini. Halafu akatoa kipande kipya cha blanketi mfukoni, akanipatia mimi nikiweke.